Kipeo Sifuri na Neno "Mara": Uhakiki wa Fasili Moja ya Hisabati

Wasomaji wa majarida ya istilahi wamezoea orodha. Upande wa kushoto huwekwa neno la kigeni, upande wa kulia huwekwa neno la Kiswahili lililokubaliwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, orodha za namna hiyo zimetufaa sana, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wa walionufaika nazo. Lakini orodha yenye safu mbili haina mahali pa kuweka fasili. Neno hutoka barazani likiwa limekwisha kusanifiwa. Fasili yake huachwa ijitafutie njia, na aghalabu huzaliwa kwa mdomo, darasani, mbele ya ubao, pasipo mtu wa kuikagua. Nakusudia kuonyesha madhara ya hali hiyo kwa kutumia istilahi moja tu ya hisabati, yaani kipeo, na mahali pamoja tu ambapo kasoro ya fasili yake hujitokeza waziwazi: pale kipeo kinapokuwa sifuri.

Niliyoyasikia yalitokea katika Mkoa wa Pwani, ambao si mgeni wa mambo ya shule. Kibaha ndiko kulikojengwa kituo cha elimu katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Denmark, Norwei, Uswidi na Ufini, kikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Kisarawe ndiko iliko Minaki, shule iliyorithi kazi ya chuo cha Wamisionari kilichoanzia Kiungani, Unguja. Mimi nilikaa nyuma ya darasa katika shule nyingine mbili za sekondari, moja upande wa Kisarawe na moja Kibaha. Majina yake hayana haja hapa, kwa kuwa yaliyosemwa humo yangeweza kusemwa katika wilaya yoyote ya nchi hii.

Mwalimu wa Kisarawe aliandika ubaoni 5⁰ akauliza thamani yake. Yalitoka majibu matatu. Mwanafunzi wa kwanza alisema sifuri. Alipoulizwa sababu alijibu, "Ni tano mara sifuri, mwalimu." Wa pili alisema tano. Sababu yake: "Haina kipeo, mwalimu, kwa hiyo inabaki ilivyo." Wa tatu alisema moja, naye alipoulizwa sababu alijibu kwa maneno mawili: "Ndiyo kanuni." Mwalimu alimsifu wa tatu, akafuta ubao, somo likaendelea. Siku chache baadaye nilikuwa Kibaha, na kwa namba nyingine nilisikia majibu yale yale matatu na sababu zile zile.

Napenda kusema waziwazi kwamba kwa maoni yangu wanafunzi wawili wa mwanzo walifikiri kuliko wa tatu. Kila mmoja wao alichukua maneno ya Kiswahili aliyopewa, akayatumia kwa uaminifu, yakamfikisha pabaya. Wa tatu aliyaacha maneno akashika jibu. Mtu akipotea kwa kufuata ramani, la kukagua ni ramani.

Ramani yenyewe ni hii. Fasili inayotembea madarasani, na ambayo kila mwalimu niliyezungumza naye aliikariri bila kusita, inasema kwamba kipeo ni namba inayoonyesha namba nyingine imejizidisha yenyewe mara ngapi. Yaani 5³ ni tano iliyojizidisha yenyewe mara tatu. Tuitazame sentensi hiyo kama tunavyotazama tafsiri yoyote.

Kosa la kwanza limo katika neno mara. Neno hili lina kazi nyingi katika lugha yetu. Husema hata jambo la ghafla, kama katika "mara akatokea". Katika hisabati lina kazi mbili zinazogongana. Kwanza huhesabu matukio: nimekuja mara tatu, amepiga hodi mara mbili. Pili ndilo jina la alama ya kuzidisha: mbili mara tatu ni sita. Mtoto wa Kitanzania hukutana na kazi hii ya pili katika miaka yake ya mwanzo ya shule, huiimba pamoja na wenzake mpaka inakaa kichwani kama sala. Kisha, miaka mingi baadaye, anaambiwa kwamba tano "ijizidishe mara tatu". Sikio lake linasikia nini? Linasikia tano mara tatu. Ndiyo maana kosa la kuandika 5³ = 15 ni la kawaida mno katika madaftari yetu, na ndiyo maana 5⁰ ikawa sifuri: tano mara sifuri ni sifuri, na jambo hilo ni kweli tupu.

Kosa la pili ni la hesabu ya mizidisho yenyewe. Katika 5 × 5 × 5 kuna alama mbili za kuzidisha, si tatu. Tano imetajwa pahali patatu, lakini kitendo cha kuzidisha kimefanyika mara mbili. Anayeichukua fasili neno kwa neno atazidisha mara moja zaidi ya inavyotakiwa, au atajifunza kutoitii. Kwa kipeo 3 au 4 mwalimu hurekebisha kwa mfano ubaoni na jambo hupita. Kwa kipeo sifuri hakuna mfano wa kurekebishia. Tano iliyotajwa pahali sifuri ni ubao mtupu, na fasili yetu haisemi ubao mtupu una thamani gani.

Hapo ndipo linapoingia kosa la tatu, ambalo ndilo lililomponza mwanafunzi wa pili. Katika matumizi ya kila siku sifuri ni jina jingine la hakuna. Asili yake ya Kiarabu ni neno lenye maana ya kitu kitupu, na mtu aliyepata sifuri katika mtihani husemwa kuwa hakupata kitu. Kwa hiyo "kipeo sifuri" husikika kama "hakuna kipeo". Lakini namba isiyoandikiwa kipeo, kwa mapatano ya hisabati, ina kipeo 1: tano peke yake ni 5¹. Kutoandika kitu na kuandika sifuri ni mambo mawili mbalimbali, na tofauti yake hapa ni ya 5 na 1. Sijaona fasili ya darasani inayolitaja jambo hili.

Wapo watakaosema kwamba kasoro yote imetokana na neno kipeo, na kwamba tulitafutie jingine. Hoja yao ni kuwa kipeo ni ndugu wa upeo, maana yake kilele au mwisho wa kitu, na kilele cha sifuri ni mzaha. Tena kuzidisha ni kuongeza, sasa inakuwaje namba iliyopewa kilele ishuke kutoka 5 hadi 1? Siafikiani nao. Istilahi haifungwi na maana ya kale ya mzizi wake. Neno aljebra lilitoka katika neno la Kiarabu la kurudisha kitu mahali pake, lililotumiwa pia kwa kuunga mifupa, na hakuna mwanafunzi anayedhurika kwa kutojua hilo. Zaidi ya hayo, waliotupa kipeo walitupa pia kipeuo, na jozi hiyo ni kazi nzuri ya lugha. Sikio lililozoea kunja na kunjua, funga na fungua, ziba na zibua, mara moja linasikia kwamba kipeuo kinatengua kilichofanywa na kipeo. Kipeo cha pili cha 5 ni 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Ni istilahi chache zinazojieleza kwa silabi moja namna hiyo, na tukiliharibu moja tumeyaharibu yote mawili.

Lipo hata hivyo jambo moja juu ya matumizi ya neno lenyewe ambalo wafasiri hawana budi kuliangalia. Ni kiunganishi cha -a. Tunasema "kipeo cha pili", "kipeo cha tatu", na hayo yamekwisha kukita mizizi; sina nia ya kuyagusa. Lakini "kipeo cha tano" ni kipi? Katika sentensi "kipeo cha tano cha mbili ni 32", tano ndiyo namba ndogo ya juu. Katika sentensi "katika 5³ kipeo cha tano ni tatu", tano ndiyo namba kubwa ya chini, ile ambayo wengi huiita msingi. Maneno ni yale yale, mahali pamegeuka. Ukifika kwenye sifuri utata huu unakuwa hatari, kwa sababu "kipeo cha sifuri" huweza kumaanisha 5⁰, ambayo ni 1, au kipeo kilichobebwa na sifuri, kama 0⁵, ambayo ni 0. Isitoshe, mpangilio wa cha kwanza, cha pili, cha tatu ni mpangilio wa zamu, na katika Kiswahili zamu huanzia kwanza, neno ambalo si jingine ila kitenzi kuanza. Lugha yenyewe inatuambia kwamba kabla ya mwanzo hapana kitu. Kumlazimisha mwanafunzi aseme "kipeo cha sifuri" ni kumweka nje ya mlango wa lugha yake. Napendekeza kwa hiyo tuseme "5 kwa kipeo 0", na kwa jina tuseme "kipeo sifuri", bila kiunganishi, kama tusemavyo chumba namba tatu. Aidha jina kipeo libaki kwa namba ndogo ya juu pekee, na matokeo ya hesabu yaitwe thamani. Kiingereza nacho kina mchanganyiko huu: neno lao "power" hutumika kwa namba ndogo na pia kwa matokeo, na wanafunzi wao hupotea humo humo. Hatuna sababu ya kuwafuata.

Sasa niseme fasili ninayoiona kuwa bora. Kipeo ni namba inayoonyesha hatua ngapi za kuzidisha kwa msingi zimechukuliwa, kuanzia moja. Basi. Kwa 5³ unaanza na 1, unachukua hatua tatu: 1 × 5 ni 5, 5 × 5 ni 25, 25 × 5 ni 125. Alama za kuzidisha ni tatu kamili, hesabu na kitendo vimelingana. Kwa 5¹ unachukua hatua moja, unasimama kwenye 5. Kwa 5⁰ hujachukua hatua yoyote, nawe bado umesimama ulipoanzia, kwenye 1. Mwanafunzi wa kwanza hawezi tena kusikia "mara sifuri", kwa kuwa neno hilo halimo. Mwanafunzi wa pili hawezi kudhani kwamba tano inabaki ilivyo, kwa kuwa tano siyo mahali pa kuanzia. Ni kitu cha kuzidishia, na kama hakikutumika hakionekani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuanzie moja na si namba nyingine. Jibu ni kwamba moja ndiyo namba ambayo kwa kuzidisha haibadilishi kitu, kama sifuri isivyobadilisha kitu katika kujumlisha. Lakini darasani pana njia fupi zaidi. Mwalimu achukue karatasi ya daftari. Kabla haijakunjwa ina tabaka moja. Ikikunjwa katikati inakuwa na tabaka mbili, ikikunjwa tena nne, ikikunjwa tena nane. Hizo ni 2¹, 2² na 2³. Karatasi ambayo haijakunjwa ni 2⁰, na hakuna mtoto wa Kisarawe wala wa Kibaha atakayesema kwamba kwa kuwa haikukunjwa basi haipo.

Tena jambo hili tunalo nyumbani tangu zamani bila kulitambua. Katika kusoma namba, watoto wetu hufundishwa mamoja, makumi, mamia na maelfu. Katika 1967 kuna maelfu 1, mamia 9, makumi 6 na mamoja 7. Maelfu ni 10³, mamia ni 10², makumi ni 10¹. Je, mamoja ni nini? Ni 10⁰. Kama ingekuwa sifuri, mwaka wa kuundwa kwa Baraza ungesomeka 1960. Kama ingekuwa kumi, saba ile ingekuwa sabini. Mwanafunzi aliyeshangazwa na 5⁰ katika kidato cha pili alikuwa akiitumia 10⁰ tangu alipojifunza kuandika umri wake. Kiswahili kina jina zuri la namba hiyo, na sijapata kumsikia mwalimu akiunganisha mambo haya mawili.

Kihistoria wazo hili halikuwa jepesi hata kwa wakubwa. Katika karne ya 12 mtaalamu al-Samaw'al wa Baghdad aliandika jedwali lenye moja katikati na vipeo vikienda pande zote mbili. Mfaransa Nicolas Chuquet, mwaka 1484, aliandika sifuri ndogo juu ya namba tupu ili kuonyesha kwamba haikufungwa na kipeo cha kitu kisichojulikana. Neno la Kilatini ambalo Waingereza wamepata kwalo "exponent" lilitumiwa na Mjerumani Michael Stifel katika kitabu chake cha mwaka 1544, na kitenzi chake cha asili ni kuweka jambo wazi. Desturi yetu ya kuandika tarakimu ndogo juu kuliani ilienezwa na Descartes mwaka 1637.

Kuhusu kanuni yenyewe, walimu wengi hueleza kwamba 5³ ikigawanywa kwa 5³ ni 1, na kwa kuwa katika kugawanya tunatoa vipeo, 3 kutoa 3 ni sifuri, basi 5⁰ ni 1. Maelezo haya ni sahihi, ila yaelezwe kwa jina lake. Huu si uthibitisho wa jambo lililokuwapo. Ni sababu ya mapatano. Wanahisabati waliona kwamba kanuni ya kutoa vipeo ikitakiwa isimame pote, 5⁰ haiwezi kupewa thamani nyingine. Na hapa pana sharti ambalo huangushwa mara kwa mara katika tafsiri. Husemwa "namba yoyote kwa kipeo 0 ni 1". Si yoyote. Hoja ya kugawanya haifanyi kazi msingi ukiwa sifuri, kwa maana hatugawanyi kwa sifuri. Sentensi sahihi ni "namba yoyote isiyo sifuri". Kuhusu 0⁰ yenyewe, zipo tanzu za hisabati ambazo hukubaliana kuiita 1 kwa urahisi wa kazi, na zipo ambazo huiacha bila thamani. Mfasiri asiamue kwa niaba yao.

Wasomaji wetu walio maofisini huenda wakaona kwamba mambo haya ni ya watoto. Nawaomba watazame mkataba wa mkopo. Mtu amekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba ikaongezwa kwenye deni. Baada ya mwaka 1 deni ni 1,100,000, baada ya miaka 2 ni 1,210,000, baada ya miaka 3 ni 1,331,000. Kila mwaka deni huzidishwa kwa 1.1, na idadi ya miaka ndiyo kipeo. Siku ya kukopa miaka ni 0. Kwa jibu la mwanafunzi wa kwanza, mkopaji hadaiwi chochote siku hiyo. Kwa jibu la mwanafunzi wa pili, anadaiwa 1,100,000 kabla jua halijachwa. Ofisa anayelazimika kufasiri masharti kama hayo kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo atahitaji sentensi ya Kiswahili isiyoruhusu jibu lolote kati ya hayo mawili.

Uzito wa suala hili unatokana na hali ya lugha katika shule zetu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakifungulia tena mlango. Katika madarasa niliyokaa, vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ubao ulikuwa wa Kiingereza, na maelezo yalikuwa ya Kiswahili. Maelezo hayo ndiyo yanayoeleweka, na ndiyo ambayo hayapiti mbele ya kamati yoyote.

Fasili ya hatua ina faida moja zaidi ambayo ya zamani haina. Ukifika kwenye kipeo hasi, "kujizidisha mara hasi moja" hakuna maana kwa lugha ya mwanadamu. Hatua moja ya kurudi nyuma kutoka moja inaeleweka: badala ya kuzidisha kwa 5 unagawanya kwa 5, unapata moja ya tano, na hiyo ndiyo 5 kwa kipeo hasi 1. Hata nusu ya hatua inaelezeka. Ni hatua ambayo ukiichukua mbili za namna hiyo kutoka moja utafika 5, yaani kipeuo cha pili cha 5, na jozi ya kipeo na kipeuo inakutana tena. Nakiri kwamba nusu ya hatua ni ngumu kidogo kusikika kwa mara ya kwanza. Neno hatua lenyewe silishikilii kwa ukaidi. Upo uwezekano wa kutumia safari, kama watu wa pwani wasemavyo "safari hii" wakimaanisha mara hii, na baadhi ya walimu wa Kisarawe niliowaeleza walilipenda zaidi hilo. Mimi naona safari ina urefu mwingi mno kwa jambo dogo kama kuzidisha kwa tano. Ninachoomba ni neno lolote ambalo halijapangishwa tayari na alama ya kuzidisha.